Sura ya Saba: Nimepokea, Nimesomewa

“Nikishamsainisha mfanyakazi kwamba amezisoma kanuni za kazi, si ndiyo niko salama?”

Swali hili halikomi. Linaulizwa na mama mwenye mgahawa jirani na stendi ya Msamvu hapa Morogoro, na kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kihonda, na mzee mwenye mashine ya kukoboa mpunga Mji Mpya. Wote wamefikia hatua moja. Biashara imekua, waliopo kazini si watoto wa ndugu tu tena, wamefika wanane au kumi na wawili, na maneno ya mdomo yameanza kuleta ugomvi. Mwenye biashara ameandika kurasa nne tano za kanuni, akazipeleka steshenari zikachapwa, na sasa anataka ukurasa wa mwisho ambao kila mfanyakazi ataweka saini yake. Hapo ndipo kalamu inapogoma. Aandike nini?

Jibu la swali lake ni kwamba saini peke yake haimlindi mtu. Kinachomlinda mwajiri, na kinachomlinda mfanyakazi vilevile, ni kile kilichofanyika kabla ya saini. Fomu nzuri hukieleza kitu hicho jinsi kilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Karatasi tatu, kazi tatu

Kabla ya kuandika neno lolote, tuzitenganishe karatasi ambazo watu wengi huzifunga pamoja kwa pini moja.

Ya kwanza ni mkataba wa ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: jina, umri, jinsia na anwani yake ya kudumu, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo chake cha kazi, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa, pamoja na marupurupu. Mambo hayo ni makubaliano ya watu wawili. Yakibadilika, sheria inadai mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe mabadiliko kwa maandishi.

Ya pili ni kitabu cha kanuni. Hiki ni mwongozo wa kila siku: saa ya kufungua, usafi wa jikoni, nani anashika funguo za stoo, mteja akitaka kukopa aambiwe nini, mtu akiugua amjulishe nani, na makosa yanashughulikiwaje.

Ya tatu ndiyo mada ya sura hii, fomu ya kukiri kupokea. Ni karatasi fupi inayothibitisha kwamba fulani, tarehe fulani, alipewa kitabu kile na kuelezwa yaliyomo.

Ukizichanganya, shida huanza. Wapo wanaoandika mshahara ndani ya kitabu cha kanuni, halafu wanakibadilisha kitabu kila Januari wakidhani kwamba kwa kufanya hivyo wamebadilisha na mshahara. Wapo pia wanaodhani fomu ya kupokea kanuni ndiyo mkataba wenyewe, kwa hiyo hawaandiki mkataba kabisa. Mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kutoa maelezo ya maandishi ya ajira, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti lolote linalobishaniwa. Mfanyakazi akisema tulipatana mshahara wa kiasi fulani, wewe ndiye utakayetafuta ushahidi wa kinyume.

Kwa kifupi: mkataba unawafunga wote wawili kwa walichopatana, kitabu kinaelekeza kazi, fomu inashuhudia kwamba kitabu kilifika.

Mwamuzi atauliza nini?

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndicho chombo cha kwanza kinachosikiliza migogoro ya kazi nchini, kabla mambo hayajafika Mahakama Kuu, na Morogoro ina ofisi yake. Mfanyakazi anayeona ameachishwa kazi kwa uonevu ana siku 30 za kupeleka shauri lake huko. Akishalipeleka, mzigo unahamia kwa mwajiri: ni yeye anayetakiwa kuonyesha kwamba alikuwa na sababu ya haki na kwamba alifuata utaratibu wa haki.

Ikiwa sababu ni kosa la nidhamu, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka maswali haya yajibiwe:

- Je, mfanyakazi alivunja kanuni kweli?
- Kanuni yenyewe ni ya busara?
- Inaeleweka, haina utata?
- Mfanyakazi alikuwa anaijua, au ilitarajiwa awe anaijua?
- Imekuwa ikitumika kwa wote sawasawa?
- Kuachishwa kazi ndiyo adhabu inayolingana na kosa?

Hebu litazame swali la nne. Fomu yetu inaishi hapo. Maswali mengine matano haiyagusi kabisa, na mwenye biashara anayedhani saini imeyajibu yote sita ataondoka Tume akiwa na hasira na mshangao.

Chukua mfano wa mgahawa. Mhudumu amewapa chakula cha mkopo makondakta watatu, wawili wamelipa, mmoja kahama mji. Mwenye mgahawa anamfukuza. Mhudumu anasema: “Mimi nilimkuta dada aliyenitangulia anakopesha, sikujua kwamba ni kosa.” Kama kanuni ya kutokopesha iliandikwa, akasomewa, na fomu inaonyesha hivyo, utetezi huo unaporomoka. Lakini kama yule dada naye alikuwa anakopesha wazi na mama anaona, fomu haitasaidia, maana swali la tano litakuwa limemwangusha mwajiri. Na hata hapo, bado mhudumu alistahili kuelezwa tuhuma, kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kwa kawaida, na kuja kwenye kikao na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Makosa mengine hayahitaji fomu ili yajulikane. Hakuna mwamuzi atakayekubali kwamba mtu hakujua wizi ni kosa, au kumpiga mteja. Fomu ina thamani kubwa kwenye kanuni ambazo ni za biashara yako tu na ambazo kwa jirani ni tofauti. Kwenye mashine moja pumba ni za mwenye mashine, kwenye nyingine ni za mteja aliyeleta mpunga, na kwingine vijana wa mashine wanaruhusiwa kuziuza wagawane. Kijana aliyetoka mashine ya tatu akaja kwako hawezi kuota kanuni yako. Lazima aambiwe, na ibaki kumbukumbu kwamba aliambiwa.

Fomu iliyovuka bahari

Fomu nyingi zinazozagaa mjini zimechukuliwa intaneti na kutafsiriwa haraka. Utazitambua kwa sentensi mbili: “Kitabu hiki si mkataba” na “Mwajiri anaweza kusitisha ajira wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu.” Sentensi hizo zina asili yake, na asili hiyo ni Marekani.

Huko, katika majimbo mengi, mwajiri asiyekuwa na mkataba wa muda maalumu anaweza kumwachisha mtu bila kutoa sababu, ilimradi asiwe anambagua kinyume cha sheria. Kisha mahakama zikaanza kuvitazama vitabu vya kanuni. Kesi mojawapo iliyojulikana sana ni ya Richard Woolley, mhandisi wa kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche katika jimbo la New Jersey, aliyeachishwa kazi mwaka 1978. Kitabu cha kampuni kilionekana kuahidi kwamba mtu hafukuzwi bila sababu. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikasema kwamba ahadi ya namna hiyo inaweza kumfunga mwajiri, isipokuwa awe ameandika wazi, mahali panapoonekana, kwamba kitabu hakiahidi kitu. Tangu hapo mawakili wa waajiri wa Kimarekani wakazidi kuhimiza kila kitabu kiwe na ukurasa wa mwisho wenye maneno hayo, na mfanyakazi ausaini.

Kwa hiyo fomu ile iliandikwa kutatua tatizo la Marekani. Tanzania sheria yenyewe inadai sababu ya haki na utaratibu wa haki. Ukimsainisha mhudumu wako wa Msamvu kwamba unaweza kumfukuza bila sababu, hujapata uwezo huo. Umejiandikia ushahidi kwamba hukuijua sheria au uliidharau, kisha ukauweka kwenye faili lako mwenyewe. Sentensi hiyo ifutwe. Ile ya “si mkataba” ina nafuu kidogo, kwa kuwa ni kweli kwamba mkataba ni karatasi nyingine, lakini iandikwe kwa namna ambayo haimfanyi mfanyakazi aone kwamba kanuni zinamfunga yeye na mwajiri yuko huru. Kitabu kikisema onyo la kwanza ni la mdomo na la pili ni la maandishi, na wewe unatakiwa ukifuate.

Vitenzi vinne

Uzito wote wa fomu uko kwenye vitenzi vyake. Viko vinne, na waandishi wengi huvimimina vyote kwenye sentensi moja: “Nimepokea, nimesoma, nimeelewa na nimekubali masharti yote.” Tuvitenganishe.

*Nimepokea.* Hili ni tukio la kuonekana kwa macho. Kitabu kimetoka mkono huu kikaingia mkono ule, tarehe fulani. Ni kitenzi chenye nguvu kuliko wenzake kwa sababu ni rahisi kukithibitisha, mradi kiwe cha kweli. Kama kijitabu ni kimoja tu na kinakaa kwenye droo ya kaunta, usiandike “nimepokea nakala.” Andika “nimeonyeshwa kanuni na nimeelezwa zinapowekwa, na ninaweza kuzisoma wakati wowote wa kazi.” Hiyo nayo inafaa.

*Nimesoma.* Fikiria jinsi inavyokwenda siku ya kwanza ya kazi. Mtu kafika saa kumi na mbili asubuhi, wateja wa mabasi wanasubiri chai, anapewa kurasa tano na kalamu, anaambiwa “weka saini hapa, chapuchapu.” Hakusoma, na aliyempa anajua hakusoma. Fomu imeandika uongo ambao wote wawili wanaujua. Siku ya ugomvi, mfanyakazi akieleza mazingira hayo na mwenzake akamuunga mkono, karatasi yako inabaki na thamani ndogo. Dawa ni ndogo: tenga nusu saa, nje ya shughuli za wateja, msome pamoja. Nusu saa hiyo ni sehemu ya kazi na ilipwe.

*Nimeelewa.* Huu ni mlango wa moyo wa mtu, huwezi kuuchungulia. Badala ya kumlazimisha aseme ameelewa kila kitu, mwombe akurudishie kwa maneno yake kanuni tatu nne zilizo nzito: “Mteja wa kila siku akikwambia atalipa kesho, utafanyaje?” Akijibu vizuri, andika kwenye fomu kwamba kanuni namba fulani na fulani zilielezwa moja moja. Weka pia nafasi ya maswali aliyouliza. Fomu yenye swali lililoandikwa kwa mkono wa mfanyakazi, na jibu lake, inaaminika kuliko yenye aya kumi za sheria.

*Nimekubali.* Hapa ninasisitiza: kitenzi hiki kiachwe kwenye mkataba. Mwajiri haombi kura ili aweke kanuni ya kuvaa aproni au ya kutoingia stoo na begi. Akishaandika “nimekubali,” anawafungulia watu mjadala usio na lazima, na mfanyakazi mwoga atasaini asichokikubali huku mwenye msimamo akikataa kusaini kabisa. “Naelewa kwamba ninatakiwa kuzifuata” inatosha, na ni kweli.

Watu wa milima ya Uluguru wanaijua tofauti ya kuambiwa na kukubali kuliko watu wengi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Amri zilitangazwa, na adhabu ziliwekwa kwa asiyechimba. Lakini kazi ilikuwa nzito, udongo wa juu wenye rutuba ni mwembamba na uchimbaji uliufukia, na wengi walihofu kwamba mwisho wake ni kunyang’anywa ardhi. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Walioutunga walihesabu kutangazwa kwa amri kuwa kazi imekwisha, na hofu za watu hazikupata mahali pa kusemwa na kujibiwa. Ndiyo maana ninataka fomu iwe na mistari mitupu ya maswali, na mistari hiyo isiwe pambo.

Asiyesoma, na asomaye kwa shida

Wanaokuja mjini kutafuta kazi kutoka Mgeta, Kinole, Matombo au Kolero karibu wote wanaongea Kiswahili vizuri. Kiswahili cha ofisini ni jambo lingine. “Utovu wa nidhamu uliokithiri” ni maneno ambayo hata aliyemaliza kidato cha nne huyasoma akayapita. Andika “makosa makubwa” kisha yataje: kuiba au kudanganya kwenye fedha, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine, kupigana kazini, uzembe mkubwa, kukaidi agizo halali kwa makusudi. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo hakuna tena kisingizio cha kuandika fomu kwa Kiingereza ili ionekane ya kitaalamu. Nimeona fomu za Kiingereza kwenye biashara ambazo hata bosi mwenyewe hakijui. Inasikitisha, maana hapo hakuna aliyejua kinachosainiwa.

Sheria yetu inasema kwamba mfanyakazi asipoelewa maelezo ya maandishi ya ajira yake, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Chukua utaratibu huohuo kwa kitabu cha kanuni. Mpishi mtu mzima ambaye hakusoma shule asomewe, na fomu iseme amesomewa na nani, kwa lugha gani. Kama sehemu zilielezwa kwa Kiluguru, iandikwe hivyo. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mfanyakazi kuweka dole gumba kwenye mkataba, ila mbele ya mtu mwingine asiyekuwa mwajiri wake. Sisi hatufungwi na sheria hiyo, lakini utaratibu huo ni mzuri na ninaupendekeza: shahidi awe mtu ambaye mfanyakazi mwenyewe amemchagua, mwenzake wa kazini au ndugu aliyemsindikiza.

Na tuwe na subira na hofu ya karatasi. Katika mashamba ya mkonge ya Tungi na Pangawe, babu wa vijana hawa walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi iliyowekwa alama na bosi, na mtu alilipwa kipande kikijaa. Alama isipowekwa, jasho la siku hiyo lilipotea. Mtu mzima anayeuliza mara tatu “hii karatasi itanifanya nini?” anastahili kujibiwa mara tatu.

Maneno ya kufuta

Fomu ya kupokea hugeuzwa mtego pale mwajiri anapoingiza ndani yake mambo ambayo mfanyakazi asingeyakubali yangekuwa peke yake. Haya ndiyo ninayokutana nayo zaidi:

- “Hasara yoyote itakatwa kwenye mshahara wangu.”
- “Nitafanya kazi hadi kazi itakapokwisha.”
- “Sitadai chochote nikiachishwa kazi.”
- “Naruhusu picha zangu zitumike kwenye matangazo.”

La kwanza ndilo linaloumiza watu wengi. Sheria ya 2004 haikatazi kabisa makato ya hasara, lakini imeweka masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Kinachokatwa kisizidi hasara halisi, wala kisizidi robo ya mshahara wa fedha taslimu. Anayelipwa 400,000 hawezi kukatwa zaidi ya 100,000. Maneno “hasara yoyote” hayatimizi hata sharti moja. Na ile tabia ya kugawanya fedha pungufu za kaunta kwa wahudumu wote wa zamu, asiyehusika na anayehusika, haiponi kwa sababu kila mmoja alisaini.

La pili linagongana na kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. La tatu halina nguvu. Haki aliyopewa mtu na sheria haifutwi na fomu ya steshenari. La nne linahitaji karatasi yake, yenye hiari ya kweli, hasa tangu ipatikane Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mhudumu awe na uwezo wa kukataa picha na bado apate kazi.

Jambo lingine halimo kwenye maneno ila kwenye nafasi tupu: kumsainisha mtu fomu isiyojazwa tarehe. Anayefanya hivyo anaandaa uongo wa baadaye, na hilo tusilifumbie macho kwa jina la urahisi.

Mfano wa fomu

Huu hapa, uutumie na kuurekebisha kulingana na kazi yako. Ukurasa mmoja unatosha.

FOMU YA KUPOKEA KANUNI ZA KAZI

Biashara: ………… Kanuni za tarehe: ………… Idadi ya kurasa: ……

1. Mimi …………, ninayefanya kazi ya …………, leo tarehe ………… nimepewa nakala yangu ya Kanuni za Kazi za biashara hii.

2. (Weka alama panapohusika) [ ] Nimezisoma mwenyewe. [ ] Nimesomewa na ………… kwa lugha ya …………

3. Nimeelezwa moja moja kanuni namba ……, …… na ……, na nimeambiwa kwamba nikizivunja ninaweza kuitwa kwenye kikao cha nidhamu.

4. Nilipewa nafasi ya kuuliza. Maswali yangu na majibu niliyopewa: ………… (Kama hakuna, mfanyakazi aandike mwenyewe “Hakuna”.)

5. Naelewa kwamba ninatakiwa kuzifuata kanuni hizi nikiwa kazini. Nisipoelewa jambo nitamuuliza …………

6. Kusaini fomu hii hakupunguzi haki yoyote niliyo nayo kwa sheria au kwa mkataba wangu wa ajira.

Saini au dole gumba la mfanyakazi: ………… Saini ya aliyemsomea: ………… Saini ya shahidi: ………… Saini ya mwajiri: …………

Kipengele cha 6 huwatia waajiri wengi wasiwasi. Wanauliza kwa nini wampe mfanyakazi silaha. Haki hizo anazo tayari; kinachoongezeka ni imani. Mtu akisoma mstari huo anatulia, anaacha kutafuta mtego, anaanza kusikiliza kanuni zenyewe.

Tarehe ya kanuni na idadi ya kurasa zisiachwe. Vitabu hivi hubadilika, na bila tarehe hakuna atakayejua saini hii ilihusu kitabu kipi.

Akikataa kusaini

Usimtishe, wala usimsainie. Muulize kwanza sababu. Mara nyingi kuna kanuni moja inayomkera, na mara nyingine anadai mkataba ambao hajawahi kupewa, na hapo yeye ndiye mwenye haki. Akitaka kuandika pembeni “kanuni ya 7 siiafiki,” mwache aandike. Bado umethibitisha kwamba anaijua.

Akishikilia kukataa, andika chini ya fomu: “Amepewa nakala na kusomewa leo, amekataa kusaini,” pamoja na sababu aliyoitoa, tarehe, saini yako na ya shahidi aliyekuwepo. Kanuni za busara zinamhusu kwa kuwa anafanya kazi hapo na anazijua. Kumfukuza kwa sababu ya kalamu tu ni kujitafutia safari ya Tume bila sababu.

Akiwa ni kibarua wa deiwaka, anayekuja siku mbili kupakua simenti, mweleze kwa mdomo yale ya usalama kabla hajagusa mzigo, na umwandike kwenye daftari kwamba ameelezwa.

Kutunza na kubadilisha

Kanuni ikibadilika, usitegemee saini ya zamani. Wakusanye wafanyakazi, soma kilichobadilika na sababu yake, kila mmoja asaini fomu mpya yenye tarehe mpya. Kama mabadiliko yanagusa saa za kazi au malipo, hilo ni suala la mkataba: rudi kwenye mashauriano na barua.

Maelezo ya maandishi ya ajira hutunzwa miaka 5 baada ya mfanyakazi kuondoka. Fomu ikae nayo kwenye faili hilohilo, muda uleule. Ipige picha kwa simu pia, maana mvua za masika na mchwa wa Morogoro havisubiri kesi iishe.

Tengeneza nakala mbili, zote zikiwa na saini halisi. Ya mfanyakazi mpe siku hiyohiyo, kabla hajarudi jikoni.